Saa ya Simu na Saa ya Jikoni

Nyumbani kwa kina Ghizlan kulikuwa na saa mbili zisizopatana. Moja ilitundikwa jikoni, juu ya rafu ya birika, nayo ilikwenda kwa ile ambayo watu wa Khenifra, mji wa Moroko, huiita saa ya zamani. Bibi Hadda hakutaka iguswe. "Serikali isogeze ya kwake," alikuwa akisema, "mimi waniachie jua langu." Saa ya pili ilikuwa ndani ya simu ya mama, na hiyo ndiyo iliyofuatwa na shule, ofisi na hospitali. Mwaka mzima saa ya simu ilikuwa mbele ya ile ya jikoni kwa saa nzima. Ramadhani ilipokaribia, nchi nzima ilirudisha saa nyuma, na zile mbili zikawa sawa. Idi ikishapita, saa ya serikali hurudi mbele tena.

Bibi Hadda alikuwa mgonjwa wa figo. Mara tatu kwa wiki ilibidi afikishwe kituo cha kusafishia damu alfajiri, alazwe kando ya mashine, damu yake itoke, isafishwe, irudishwe mwilini. Mama yake Ghizlan, jina lake Nezha, aliamshwa na kengele ya simu, akamvika bibi jilaba, vazi lake refu la sufu, akafunga mkate na yai kwenye kitambaa, wakatoka kutafuta teksi. Siku zisizo na shule Ghizlan alikwenda nao, yeye akibeba blanketi. Baba alikuwa Kasablanka kwenye kazi za ujenzi, hivyo mzigo wote ulikuwa wa mama.

Ghizlan alikuwa na miaka kumi na miwili, na mtaani walimwita fundi. Jirani yao, Mi Yamna, yaani Mama Yamna kwa lugha ya huko, aliwahi kuja akilia kwamba simu yake imeanza kusema Kifaransa. Ghizlan akabonyeza hapa, akabonyeza pale, Kiarabu kikarudi. Mwingine alitaka herufi zikuzwe, mwingine mwanga upunguzwe. Kila mara alifanikiwa, na kila mara alisifiwa. Hakumwambia mtu kwamba alikuwa akibonyeza tu mpaka kitu kitokee, na kwamba mara nyingi hata yeye hakujua alikopita.

Usiku wa kuamkia siku ya kurudisha saa nyuma, mama alimpa simu mbele ya Mi Yamna. "Fundi, nirudishie saa. Nisije nikamchelewesha bibi yako."

Kama simu ile ingeachwa, ingejibadilisha yenyewe. Lakini Ghizlan alitaka waone. Alifungua mipangilio, akakuta tarakimu za saa zimefifia, hazikubali kuguswa. Akaona swichi iliyoandikwa kwamba saa ijipange yenyewe, akaizima, tarakimu zikang'aa. Akazirudisha nyuma kwa kidole.

"Na baada ya Idi?" mama aliuliza.

"Itajirudisha, Mama. Simu za siku hizi zina akili."

"Akili ya mtoto huyu!" alisema Mi Yamna. "Wangu hajui hata kuwasha jiko."

Siku chache baadaye mama alisema simu inamsumbua anapojinyoosha alasiri, akiwa na saumu na uchovu. Ghizlan akaipanga iwe kimya kila siku kuanzia alasiri. Ilipomuuliza kimya kiishe lini, aligusa jibu la kwanza lililotokea: kengele ya kuamsha itakapolia. Tangu hapo ndugu wakawa wanamtania mama. "Nezha, umekuwa mtu mkubwa siku hizi, simu zetu hupokei!" Mama akacheka, akadhani ni mtandao.

Idi ikaja na maandazi ya lozi na kelele za watoto, ikapita. Jumapili saa ya serikali ikarudi mbele. Jioni hiyo Ghizlan aliingia jikoni kuosha bilauri. Akatazama saa ya ukutani, kisha akatazama simu ya mama iliyokuwa juu ya meza. Zilikuwa sawa.

Mikono yake ikatulia ndani ya maji. Zilitakiwa zipishane.

"Ghizlan!" mama aliita kutoka chumbani. "Saa ya simu imeshabadilika?"

Mi Yamna alikuwa ameketi humo humo, akinywa chai. Ghizlan aliwaza atakavyocheka: kumbe fundi mwenyewe ndiye huyu? Akajiambia labda itabadilika usiku.

"Ndiyo, Mama," akajibu.

Asubuhi, shule zikiwa bado zimefungwa kwa Idi, kengele ililia, mama akaamka, akafungua dirisha, akashtuka. "Mbona kumepambazuka hivi? Na adhana sikuisikia." Akatazama simu. Simu ikamwambia ni mapema. Akaiamini.

Walipofika kituoni jua lilikuwa limeshapanda ukutani. Nesi Thuraya aliwapokea mlangoni, mikono kiunoni. "Lalla Nezha," alisema, akimwita kwa heshima ya huko, "mmekuja sasa? Nimekupigia mpaka nimechoka! Usiku ameletwa mgonjwa mahututi, na kiti chenu kilikuwa kitupu. Ningefanyaje?"

"Lakini tumewahi, binti yangu. Tazama." Mama akamwonyesha simu. Nesi akamgeuza bega taratibu, akamwonyesha saa ya ukutani.

Bibi Hadda akaketi kwenye benchi, akavuta ushungi usoni.

"Zamu zote za leo zimejaa," alisema nesi, sauti ikiwa imelegea. "Wa jioni mmoja huwa haji. Asipokuja nitakupigia, na ukipokea uje mbio, maana wengine pia wanasubiri. Asinywe maji ila ya kulowesha midomo. Tende asiguse. Akizidiwa, mpelekeni hospitali kuu moja kwa moja."

Wakiwa kwenye teksi mama alimgeukia Ghizlan. "Mwanangu, hii simu imekuwaje?"

"Mbovu, Mama. Kuukuu." Hakumtazama alipolisema hilo.

Walipofika nyumbani, Ghizlan alijifungia chooni na ile simu. Akafungua mipangilio, akawasha ile swichi aliyokuwa ameizima, na saa ikaruka mbele mara moja, kana kwamba haikuwahi kukosea. Moyo ukamtulia. Sasa hakuna atakayejua, aliwaza.

Mchana miguu ya bibi ilivimba. Ukimbonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Alikuwa ameonja vitamu vya Idi na chai ya nanaa zaidi ya alivyoruhusiwa, akitegemea mashine ya asubuhi. Sasa alishindwa kulala chali. Wakamwegemeza kwenye mito, akawa anavuta pumzi kama anayepanda mlima, naye yuko pale pale. "Maji," alisema. "Kidogo tu, Ghizlan wangu." Ghizlan alilowesha kitambaa, akampangusa midomo. Bibi akaking'ang'ania kile kitambaa kwa meno, akikinyonya. Ghizlan akageuza uso.

Kabla ya magharibi akaingia shangazi Rqia, dada yake baba, bado na vumbi la sokoni. Alipomwona mama yake, akapiga kelele.

"Nezha! Umemfanya nini mama yangu?"

"Wifi, simu ilinidanganya. Ilikuwa nyuma."

"Hebu niione." Rqia akaichukua simu pale rafuni, akailinganisha na saa ya mkononi mwake. Zilikuwa sawasawa. Akacheka kicheko kikavu. "Simu inadanganya? Sema ulilala, Nezha! Ulilala ukiwa umeshiba maandazi ya Idi, ukamwacha mama wa watu. Na tukikupigia hupokei. Leo kaka yangu atajua ameoa nani."

Mama aliipokea simu, akaitazama, akaitazama tena. Uso wake ulikuwa wa mtu asiyejiamini hata mwenyewe. "Labda nililala," alisema polepole. "Labda niliiona vibaya. Mungu anisamehe."

Akaketi sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye kitanda cha bibi. Ghizlan hakuwahi kumwona mama yake ameketi vile, kama nguo iliyoanguka kutoka kambani.

Kukiri mbele ya Mi Yamna kungekuwa aibu tu. Hili lilikuwa jambo lingine. Ghizlan alisimama katikati ya chumba.

"Mama hakulala," alisema. "Ni mimi."

"Nyamaza wewe, watu wazima wanazungumza," alisema shangazi.

"Ni mimi, Shangazi! Niliizima ile inayoifanya saa ijipange. Jana niliona haijabadilika nikasema imebadilika. Na leo nimeirekebisha chooni kwa siri." Akaanza kulia. "Sikujua. Nilikuwa nasema najua."

Mama aliinua kichwa. Ghizlan alisubiri kofi. Kofi halikuja.

"Nini kingine ulichogusa?" mama aliuliza. "Kumbuka vizuri. Chochote. Nesi kasema atapiga."

Hapo ndipo Ghizlan alipokumbuka. "Kimya," alinong'ona. "Ile ya alasiri. Sikuiondoa."

Mama akaitoa simu kifuani, alikokuwa ameikumbatia. Wakaifungua pamoja, wakisoma kila mstari kwa sauti kabla ya kugusa, Rqia akichungulia begani. Ile alama ya kimya ilikuwa pale pale. Na chini yake, simu ambazo hazikupokewa, zote kutoka kituoni. Kifaa kilikuwa kikipigiwa mikononi mwa mama, naye hakuhisi kitu.

Mama akapiga. Ikaita. Ikaita tena. Rqia alikuwa ameuma kidole.

"Lalla Nezha!" Sauti ya nesi ilijaa chumba. "Nimeshavaa koti, ndio nakwenda kumpigia mtu mwingine. Mko wapi? Mleteni! Mleteni sasa hivi!"

Rqia alimbeba mama yake mgongoni mpaka barabarani, akilia na kuita teksi kwa wakati mmoja. Ghizlan alikimbia nyuma na blanketi.

Bibi Hadda aliunganishwa na mashine jioni ile. Lakini wasomaji msidhani mambo yaliishia hapo kwa shangwe. Maji yalikuwa yameshaingia kifuani, na kutoka kituoni alipelekwa hospitali kuu, akakaa huko mpaka mwezi wa Idi ukaisha. Alirudi nyumbani akitembea kwa mkongojo, na ngazi za darini, alikokuwa akianika sufu yake, hakuzipanda tena. Rqia alimwomba wifi yake msamaha mbele ya watu, mama akampa. Maneno yale hata hivyo yalikuwa yameshasikika mtaa mzima.

Ramadhani iliyofuata Mi Yamna alikuja na simu yake. "Fundi, nirudishie saa."

Ghizlan alihisi uso ukipata moto. "Sijui vizuri, Mi Yamna," alisema. "Tuiache ijibadilishe yenyewe. Asubuhi tutailinganisha na saa ya jikoni, halafu nikupigie tuone kama inalia."

Mama alikuwa akikanda unga. Aliacha, akapangusa mikono.

"Msikilize, Mi Yamna, na wanao wamsikilize," alisema, kisha akamgeukia Ghizlan. "Usiguse kwenye kifaa kitu usichojua kukirudisha. Ukikigusa, mwambie mwenye kifaa umegusa nini. Usiitegemee kengele ambayo hujaijaribu. Lakini hayo yote, mwanangu, hata asiyejua kusoma angefundishwa siku moja akayajua. Ile Jumapili jioni nilikuuliza swali, na jibu la kweli lingemaliza kila kitu kabla chai haijapoa. Simu ilikosea kwa saa moja tu. Wewe uliniambia uongo, nami nilikuwa nimekukabidhi maisha ya bibi yako."

Kutoka chumbani ulisikika mkongojo wa Bibi Hadda ukigonga sakafu polepole, akija kutazama saa yake. Ghizlan akaenda kumshika mkono.