Chukua Ile Nyingine

Grrr, grrr. Kulikuwa bado giza pale simu ilipotetemeka juu ya mfuniko wa sufuria. Umulisa aliidaka upesi Shami, binti yake, asije akaamka. Moyo ukamruka: labda ni Gatera! Siye. Ilikuwa programu anayoiuza Gatera, ikilalamika kwamba seva ya kazini imelemewa kidogo, kisha imepona.

Yeye na Gatera walikutana mgahawani, mtaa wa Biryogo, watu wamefurika, moshi wa brosheti, ile mishikaki, machoni, sahani moja imetua katikati yao.

"Dada, hiyo yangu."

"Imeandikwa jina lako?"

"Basi tule wote, yaishe."

Shati la Gatera la kitenge lilikuwa limenyooshwa hadi kola, na kicheko chake kilisikika meza ya tatu. Jumatatu, huyoo, yuko ofisini kwa kina Umulisa, mtaa wa Kiyovu, anauza programu ya kuchunga seva na kukusanya logi zake, yaani kumbukumbu za kila kinachotokea, mahali pamoja. Na aliyepewa kazi ya kuchagua kati ya hiyo na ya wapinzani wake ni Umulisa! Wakazijaribu zote mbili, huku wakitaniana.

Juzi Umulisa akamwambia ukweli. "Nina mtoto, sha. Usije ukasema sikukwambia."

Gatera aliitazama simu ya Umulisa. "Usiku seva zikilia, nani anaamka?"

"Mimi. Nani mwingine?"

Jana Gatera akapiga simu, ananong'ona. "Umulisa, chukua ile nyingine."

"Programu?"

"Ndiyo. Yetu iache. Bosi anakuja, tutaongea."

Muuzaji gani anafukuza mteja? Kasikia mtoto, kakimbia, basi. Lakini mbona sauti ilikuwa laini vile? Leo kutwa nzima Umulisa aliandika ripoti ya kuichagua programu ya Gatera, ili mwenyewe aendelee kuja, akaifuta kwa aibu, akaiandika tena. Hakuituma.

Jioni, hodi mlangoni. Gatera, na mfuko wa maandazi.

"Umefuata nini? Si umeshaniaga?"

"Nimekuaga lini?"

"Jana! Umesikia nina mtoto, ukatafuta mlango."

"Oya, hapana, cheri wangu! Programu yetu inapiga kelele kwa kila kitu. Ile nyingine haimwamshi mtu mpaka nyumba iungue. Unalea peke yako, halafu mimi nikuuzie kitu cha kukunyima usingizi? Kesho nije kukuposa kwa macho gani?"

"Kumposa nani?"

Gatera alishika kola yake. "Aa... nimetanguliza maneno."

"Na bosi wako?"

"Atanuna."

Umulisa hakujua acheke au amfokee. Hasira aliyoilea tangu jana, sasa aipeleke wapi? Na kama ameelewa vibaya tena?

"Mjinga wewe," alisema, macho yamelowa. "Ingia, chai inapoa."

Gatera akaketi kwenye kiti kifupi, magoti juu. Shami akatoka chumbani akiburuta kandambili za mama yake, akamtazama mgeni kuanzia nywele mpaka soksi.

"Mama, amekaa kwenye kiti changu."