Meno Yaliyolowekwa Klorini

Siku hiyo ilikuwa zamu ya maharagwe. Saa sita mchana, jua kali nje, Zenilda alipeleka kijiko mdomoni akakutana na harufu ya klorini, ile ya kusugulia sakafu. Akasukuma sahani.

"Husikii harufu?"

"Harufu ya nini? Maharagwe matamu haya," alisema kaka yake Adauto. "Dada, wiki ya tatu hii huli. Tumemzika mama miezi michache tu iliyopita, unataka tukuzike na wewe?"

Kila alichoonja kilikuwa klorini, hata kahawa, na magauni yalishaanza kumpwaya. Tena kila wakiketi kula, kwenye kiti kitupu alisikia kitu kikitafuna, kigumu juu ya kigumu, polepole, kama mtu mwenye vidonda.

Sababu aliijua, ndiyo maana alinyamaza. Mama yao, Dona Olímpia, yaani Bi Olímpia, fizi zilikuwa zimekwisha, na fundi wa meno, mzee Valdomiro, alimtengenezea meno ya bandia yenye mpira laini kwa ndani. Alimwonya Zenilda: "Sabuni na mswaki laini, basi. Mpira huu ukiuonjesha klorini unakauka." Lakini mji ule klorini ndiyo usafi wenyewe. Mboga zinaogeshwa klorini, vikombe vinaogeshwa klorini. Ubatizo wa mtoto wa Adauto ulikuwa umekaribia, meno yana madoa ya kahawa, Zenilda akaona aibu. Akayaloweka kutwa nzima, klorini kwa maji ya moto.

Yaling'aa kweli. Mpira ukawa mgumu kama soli ya kiatu. Mama aliposema yanamchoma, Zenilda akamkaripia: "Acha kudeka, Mama. Kula." Vidonda vikaingia usaha, mama akaacha kula, akafa. Na msibani Zenilda, bila haya, aliwaambia watu fundi alitumia mpira mbovu. Mzee akakosa wateja, akafunga karakana.

Siku hiyo kutafuna hakukuishia mezani. Kulimfuata jikoni, kukamfuata uani alikokuwa anaanika shuka, kukamsogelea mpaka shavuni akahisi pumzi ya joto, kisha ndani ya kinywa chake mwenyewe kitu kigumu kikalalia ufizi kikaanza kusugua, kusugua, mpaka akatema damu kwenye shuka jeupe na kuanguka akimwita mama yake.

Adauto alimleta Dona Iraci, bibi anayewaombea watu kwa majani. Bibi akapitisha tawi kichwani pa Zenilda. Lilinyauka mkononi mwake.

"Kilichokuandama kinataka neno kutoka kwako," alinong'ona. "Nani aliyaharibu meno ya mama yako?"

"Fundi."

Tawi la pili likawa jeusi.

"Mwanangu, umebaki mifupa. Sema."

"Mimi," Zenilda alilia. "Nilionywa, nikaloweka klorini. Nimemuua mama yangu, nikamsingizia mzee wa watu."

Adauto aliinamisha kichwa. "Mama alijua. Aliniambia mapema, akaniapisha nisikwambie. Alisema utajilaumu mpaka ufe. Meno alikuwa anayavaa ukiwepo tu, kukuridhisha."

Maneno hayo yalimuumiza Zenilda kuliko ule ufizi.

Dona Iraci alianza kukusanya majani yake. "Basi mama yako hana kinyongo na wewe. Aliyemo humu siye yeye. Huyo fundi yuko wapi?"

"Alifariki," alisema Adauto. "Wiki tatu zilizopita. Hatukwenda kumzika. Hakwenda mtu."

"Na wewe ulijua ukweli, ukaacha jina lake lichafuliwe?"

Adauto akamfuta dada yake damu mdomoni.

"Huyu simwezi kwa majani," bibi alisema. "Semeni kwa watu wote, na kwa mjane wake."

"Tutasema, bibi. Jumapili, kanisani."

Kiti kitupu kilijivuta nyuma kutoka mezani, na sauti ya mzee Valdomiro ikasema, kwa upole kabisa, "Leo."