Taa ya Mwenyekiti Kando ya Kijito

Kila Ijumaa asubuhi shule nzima ilishika mafyekeo. Nyasi zilikatwa hadi ardhi ikabaki kipara, majani makavu yakachomwa, na aliyeacha hata unyasi mmoja aliitwa mvivu. Binti mmoja wa darasa la sita alifyeka kwa kasi hata wenzake wakamwita Mashine. Akianza tu, panzi walifunga virago.

Zamani kijito cha nyuma ya shule kilijaa vimulimuli. Walimeremeta hata kuku wakagoma kuingia bandani, wakidhani bado ni mchana. Msibishe, kuku wenyewe hawapo tena wa kuulizwa.

Sasa palikuwa giza tupu. Mwalimu wa sayansi alilieleza darasa kwamba mabuu wa kimulimuli hukaa kwenye udongo wenye unyevu, chini ya majani yaliyooza, wakila konokono. Wakubwa hujificha nyasini na kuitana kwa mwanga wao. Mashine alichomwa moyo: kumbe kila Ijumaa walikuwa wakichoma makazi ya viumbe wazima. Darasa likaomba ukingo wa kijito usiguswe, mwalimu mkuu akakubali. Wakapanda matete, wakatandaza majani makavu, wakangoja mvua.

Mwenyekiti wa kijiji, baba mdogo wake Mashine, alifurahi kusikia vimulimuli wanarudishwa. Mvua zilipokolea akasimamisha nguzo ukingoni, yenye taa kubwa ya sola, ili wageni hao wasipotee njia. Kisha akaja shuleni kuagiza nyasi zifyekwe, watazamaji wapate pa kusimama. Mashine ndiye aanze.

Mashine aliweka fyekeo chini.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema kwa hasira. "Sifyeki."

"Marahaba. Hufyeki nini?"

"Nyasi hizi. Ndizo nyumba yao. Na taa hiyo inawavuruga, hawaonani. Unakaribishaje wageni huku unawabomolea nyumba na kuwamulika machoni?"

Mwenyekiti alifoka kwamba watoto wa siku hizi wana midomo mirefu. Akaapa pale hapana mdudu hata wa dawa. Jioni angezima taa mwenyewe, wote washuhudie. Wasipoona kitu, ukingo ungefyekwa, na Mashine angeomba radhi mbele ya shule.

Jioni akazima. Giza likatanda. Mwenyekiti alianza kukohoa kikohozi cha ushindi, Mashine akauma meno.

Ndipo kitone cha kijani kikawaka kwenye matete, kikazima. Kingine kikajibu ng'ambo. Punde ukingo mzima ukawa unakonyezana. Kimulimuli mmoja akatua kwenye kofia ya mwenyekiti, naye hakuthubutu hata kupiga chafya.

Kesho yake nguzo iling'olewa, ikapelekwa zahanati, ambako wagonjwa walikuwa wakijikwaa gizani. Mashine, bado amenuna, aliuliza kwa nini haikupelekwa huko tangu mwanzo. Mwenyekiti aliwageukia wanafunzi.

"Wanangu, ukitaka kumsaidia mtu, uliza kwanza anaishije. Mimi sikuuliza. Na binti huyu aliponieleza kwa heshima, nilimjibu kwa kelele. Anayestahili kuombwa radhi mbele ya shule ni yeye."

Akavua kofia, akamwomba.