Fulana ya Kubana

Mpira uligonga bati la jikoni, ukabiringika, ukaangukia kwenye ndoo. Kiduchu hakuhitaji hata kuchungulia.

"Yule karani wa benki," alisema. "Bado anapindisha kulia. Nani atamfundisha, na mimi nimekwama humu?"

Nyumba yao ilipakana na uwanja wa gofu, ule mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie shimoni. Kiduchu alianza kwa kubeba mifuko ya wachezaji. Baadaye akacheza mwenyewe, kisha akawafundisha wanaoanza. Ni mfupi, na jina alilipata hapo. Lakini mpira wake ulikwenda mbali kuliko wa wanaume wengi, na wenyewe walijua, ila hawakupenda kusema.

Sasa alikuwa na mtoto mchanga, wa kwanza. Mwili ulikuwa nyumbani, roho iko uwanjani. Alipanga vyombo, akavipangua, akavipanga tena. Alishika mwiko, akajikuta ameushika kama fimbo. Alifagia sebule kwa mapigo marefu mpaka mumewe akamwuliza vumbi limemkosea nini. Msidhani hakumpenda mtoto. Alimpenda hadi akawa anamnusa kichwa bila sababu. Lakini mikono ilimwasha.

Mashindano ya wawili wawili yalikuwa yanakaribia. Mwenzake, Mwalimu wa kike wa shule ya jirani, alicheza naye miaka yote. Kiduchu asipotokea, nafasi yao ingepewa wengine. Mwalimu hakumsukuma. Alimwambia tu kwa upole kwamba, ikibidi, watapumzika mwaka huu. Upole huo ndio uliomchoma Kiduchu. Alijiona amekwisha.

Kliniki walimpima, wakamwambia mwili umepona, anaweza kuanza mazoezi kidogo kidogo. Lile neno "anaweza" alilisikia vizuri sana. Hayo mengine yalimpita.

Siku ya kwanza uwanjani alirudi amenuna. Matiti yalikuwa yamejaa, yakamzuia kuzungusha mikono. Kila pigo liliuma, na blauzi ililowa mbele ya watu. Mumewe ni fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho kiwanda chake. Hakuwa na ubaya wowote. Mkewe hakuwa na raha, na dawa anayoijua Fundi ni sindano na uzi. Akachukua kitambaa kizito kisichovutika, akampima, akamshonea fulana ya kubana kifua, yenye kamba za kufungia na mishono miwili kila upande. Ilimkaa sawasawa. Kiduchu mwenyewe aliisifu.

Mpira ukanyooka. Mwalimu alifurahi, akasema Kiduchu wa zamani amerudi. Basi Kiduchu akawa anaivaa asubuhi mpaka mchana, kila siku, na mtoto akibaki na baba yake analia, anatembezwa, analia tena.

Siku si nyingi titi la kushoto likawa gumu. Likawa jekundu na la moto. Usiku mwili ulitetemeka. Kiduchu akajikaza. Kwa Mwalimu alisema ni homa tu, maana aliona aibu. Kichwani mwake aliamua kwamba maziwa ya upande ule yameharibika, kwa hiyo akawa anamnyonyesha mtoto upande mmoja tu. Mtoto hakushiba. Na Kiduchu, kwa kuwa uvimbe uliuma, akaifunga fulana ile kwa nguvu zaidi. Mambo yakaenda mrama.

Aliogopa vitu viwili, na kila kimoja kilimvuta kwake. Aliogopa mtoto atakosa maziwa kwa sababu yake. Aliogopa pia kwamba mtu akijua, ataambiwa aachane na gofu. Kwa hiyo alinyamaza, akawa anazunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Mkunga wa kituo cha afya alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Siku moja alileta sare yake ipunguzwe pindo. Alimsikia mtoto, akasimama mlangoni akisikiliza.

"Huyo ana njaa," alisema. "Mama yake yuko wapi?"

Kiduchu alitoka, akasalimia shikamoo, akajaribu kutabasamu. Mkunga alimwangalia usoni, akamgusa paji la uso, akamwingiza chumbani. Alipoiona ile fulana, alikaa kitandani.

"Mwanangu, nani amekufunga hivi?"

Aliyejibu ni Fundi, kutoka upande wa pili wa pazia.

"Ni mimi, mama. Nimeishona mimi."

Sauti yake ilikuwa ndogo. Mkunga hakumgombeza. Alimwambia aje asikilize na yeye, kwa sababu mtoto ni wa wawili.

Aliwaeleza kwamba maziwa yana njia zake ndani ya titi. Ukizibana, au ukikaa muda mrefu bila kunyonyesha wala kukamua, maziwa yanasimama. Yakisimama, titi linavimba, linauma, na homa inaingia.

"Na haya ya kushoto, si yameshaharibika?" aliuliza Kiduchu.

"Hayajaharibika. Mnyonyeshe pande zote mbili, kila anapotaka. Ukimnyima upande huu, uvimbe utazidi. Usilikande kwa nguvu. Ukimaliza kunyonyesha, weka kitambaa cha maji baridi, maumivu yatapungua. Vua fulana hii, vaa sidiria inayoshikilia bila kubana. Na sasa hivi tunakwenda kituoni. Homa hii si ya kungojea ipite yenyewe."

Hapo Kiduchu akalia. Alilia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.

"Kwa hiyo gofu ndiyo basi?"

"Nani amesema basi?" Mkunga alimpa leso. "Nilisema uvue fulana. Sikusema uvue viatu vya gofu."

Kituoni alipewa dawa isiyomdhuru mtoto anayenyonya, akaambiwa aimalize yote hata akijisikia mzima. Alipopona, Mkunga alirudi kumaliza somo lake. Amnyonyeshe mtoto kabla ya kutoka. Akikawia, akamue: anawe mikono kwa sabuni, akamulie kwenye chombo safi chenye kifuniko. Chumbani maziwa hayo yasikae zaidi ya muda wa saa nne, na siku ya joto kali yatumike mapema zaidi. Baba amnyweshe mtoto kwa kikombe kidogo, polepole, amemkalisha wima kiasi. Mazoezi yaanze kwa kutembea na mapigo mafupi. Akisikia maumivu, au mkojo ukimponyoka anapopiga, aache na aje kituoni, maana hilo nalo lina tiba.

Safari hii Kiduchu alisikia mpaka mwisho. Ila msidhani alitulia. Mapigo mafupi yalimkera, akanung'unika kama jenereta. Fundi naye alimwaga maziwa kifuani siku ya kwanza, akanusa shati siku nzima, akasema sasa hata yeye ni mama. Lakini mtoto alishiba, akaanza kujaa mashavu.

Siku ya mashindano Fundi alikaa na mtoto kwenye kibanda cha vinywaji, katikati ya uwanja. Kiduchu na Mwalimu walipofika hapo, Kiduchu aliketi, akajitanda khanga, akanyonyesha. Waliokuwa nyuma waliombwa wapite. Mmoja wao alikuwa karani wa benki. Alipiga, mpira ukapinda kulia.

"Kiwiko," alisema Kiduchu, bila kunyanyuka.

Kombe hawakulipata. Walishika nafasi ya tatu, na nafasi yao ya mwaka ujao ikabaki yao. Yale mapigo mafupi yaliyomkera ndiyo yaliyowabeba.

Miezi ikapita. Jioni moja Mwalimu alikuja kwenye kile chumba cha mbele cha Fundi na begi lake la fimbo begani. Alikuwa na habari: na yeye alitarajia mtoto. Walifurahi naye, wakamtania. Kisha akasema anataka kuagiza mapema.

"Fundi, nikishajifungua utanishonea ile fulana ya Kiduchu. Nakumbuka ilivyomnyoosha."

Fundi aliiacha cherehani. Akamtazama mkewe. Kiduchu alihisi aibu ile ya zamani ikimpanda shingoni. Mtoto alikuwa mapajani, anavuta kifungo cha blauzi yake.

"Mwalimu, ile haikuwa homa tu," alisema. "Kaa nikwambie."

Akamwambia yote, hata ule upande aliomnyima mtoto. Mwalimu alisikiliza mkono mdomoni. Mwisho akauliza fulana yenyewe iko wapi, aione.

Kiduchu alinyoosha kidole kwenye begi la mwenzake. Kila fimbo ilikuwa imevishwa kichwani kifuniko cha kitambaa kizito, zawadi ya Fundi ya siku ya mashindano, mishono miwili kila upande.

"Aliifumua siku ile ile tuliyotoka kituoni," alisema Kiduchu. "Fimbo hazinyonyeshi. Hizo zibane utakavyo."