Boti Iliyonyweshwa Maji Lodwar

— Didace, hiki kitanda ni cha mtu mmoja.

Apua alikuwa amepiga magoti ndani ya chumba cha boti, tepu ya cherehani mkononi. Alikuwa amepima mara mbili: inchi ishirini na sita. Didace alikuwa nje, anapaka lami ubavuni.

— Nilikipunguza.

— Ulipunguza kitanda au ulinipunguza mimi?

— Boti ni nyembamba, Apua.

— Na jana ilikuwa pana?

Didace akaendelea kupaka lami mahali palepale.

Boti hiyo ilisimama juu ya mapipa Lodwar, uani kwa mafundi wa malori, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na mbao na umeme. Ijumaa wangefunga ndoa kanisani. Jumamosi lori lingeibeba hadi Kalokol, kando ya ziwa, kisha wakae majini miezi minane, wakilala humo, wakitengeneza boti za wavuvi hadi Todonyang. Apua alishapanga vitu vyote: unga madebe mawili, maharagwe, chumvi, jiko, sufuria tatu zinazoingiana, dawa ya malaria, na chandarua cha watu wawili alichokishona mwenyewe.

Alipofika nyumbani akamwandikia Didace kwenye simu: "Nenda peke yako. Nitamwambia mchungaji kwamba Ijumaa hakuna harusi."

Tiki mbili za buluu: amesoma.

— Amepata mwingine huko kambini Kakuma, mama. Najua.

Mama yake alikuwa anachagua mawe kwenye maharagwe.

— Angekuwa na mwingine angekipanua, si kukipunguza. Kesho rudi ukamuulize vizuri, bila kelele.

Asubuhi Apua alimkuta Didace anamwaga maji ndani ya boti, jerikeni baada ya jerikeni, na maji yanatoka chini kama chujio. Mafundi walikuwa wameshika mbavu.

— Mkongo amechoka kungoja lori, analiita ziwa lije!

Apua akaingiza ukucha kati ya mbao mbili. Ukazama wote.

— Hii ni nini?

Didace akaketi juu ya jerikeni.

— Jua la kwenu. Kule Kalemie tunajenga boti maji yakiwa pale pale, mbao hazipati nafasi ya kukauka. Hii imekaa hapa miezi mitano. Zimekauka, zimeachana. Mtoto wa Ziwa Tanganyika, na miye sikulifikiria hilo.

— Kwa nini hukuniambia?

— Niliona haya, Apua. Nilimwambia mama yako haitavuja hata tone. Nikapunguza kitanda ili niende peke yangu kwanza. Ikizama, izame na miye tu.

— Na mimi nikae mjane kabla sijaolewa! Dawa yake ni nini?

— Inywe maji siku tatu bila kukauka. Mbao zitavimba, zitakutana. Lakini mtu mmoja siwezi. Nikigeuka, jua limeshakunywa kuliko mbao.

Apua akatoa simu, akampigia Bichiok, kiongozi wa kwaya ya akina mama.

— Ejok, hujambo, Bichiok. Leteni majerikeni na magunia, yote mliyo nayo.

— Tunaosha boti au bwana harusi?

— Vyote viwili.

Siku tatu punda walipanda na kushuka kutoka mto Turkwel. Wanawake walitandika magunia juu ya mbao, ndani na nje, wakayalowesha kila yalipoanza kukauka, huku wakiimba na kumtania Didace. Alhamisi jioni walijaza maji mara ya mwisho. Yakatoka matone sehemu mbili tu. Didace akachukua msumeno na mbao, akarudisha kitanda kilivyokuwa.

— Bado kwa mama, Apua akasema. Huko utasema mwenyewe.

Mbele ya mama, Didace alisema, kofia mkononi:

— Mama, nilikudanganya. Itavuja.

— Kiasi gani?

— Kidogo. Kila siku, hata nikiziba namna gani.

Mama akamvutia kigoda.

— Sasa unaongea kama mkwe wangu. Kaa, ule.

Ijumaa wakafunga ndoa. Jumapili, boti ikielea Kalokol, simu ya Apua ikalia.

— Mwanangu, maji yanaingia?

— Yanaingia, mama. Makopo mawili tangu asubuhi.

— Na nani anayatoa?

— Leo yeye. Kesho mimi.