Kibati cha Irungu

Jiwe la kuzuilia mlango lililia siku ya Jumapili, saa saba kamili mchana, wala hakuna aliyeligusa.

Koki alikuwa kizingitini mwa chumba chao pale mtaa wa Ziwani, akichambua mboga. Alisikia sauti nyembamba, kama kengele iliyogongwa kwa kijiko. Jiwe lilikuwa palepale, jeusi, kubwa kama mkate. Mumewe Mativo, fundi wa baruti kwenye machimbo ya kokoto za reli, ndiye aliyelileta nyumbani zamani. Mawe ya kule huchaguliwa kwa kugongwa: linalolia ni zima, huenda relini, bubu hutupwa. Hili lilikuwa limelia kuliko yote.

"Baba Ndindi, umelipiga teke?"

"Mimi niko kitandani, nitalipigaje?"

Lakini alikuwa ameshaketi, jasho likimtoka. Saa saba ndiyo saa ya baruti, na Jumapili machimbo hufungwa.

Kule machimboni kulikuwa na ubao mmoja. Kila anayeshuka shimoni hutundika kibati chake chenye namba. Akipanda, hukitoa kwa mkono wake mwenyewe. Ubao usipokuwa mtupu, utambi wa baruti hauwashwi. Vibarua waliopasua mwamba ule wakati reli ilipokuwa ngeni ndio waliouacha utaratibu huo, na kila nyapara aliyefuata aliukuta.

Jumanne iliyopita kilibaki kibati kimoja, namba arobaini na moja, cha Irungu, mtoboaji wa mashimo ya baruti. Mabehewa yalikuwa yakingoja. Nyapara Gichuru, ambaye tangu asubuhi alikuwa ametukanwa kwenye simu mara tatu, alikinyakua. "Huyu nimemwona akipanda. Washa, fundi." Labda kweli alidhani amemwona. Mativo alitazama ubao mtupu, akawasha.

Jioni Irungu hakutokea. Gichuru alimtia Mativo kibati mkononi bila kumtazama usoni. "Ametoroka kazi. Tupa hiki." Mativo hakukitupa. Alikizika ndani ya mkebe wa majani ya chai. Waruguru, mke wa Irungu, akaambiwa mumewe amepata mwanamke mwingine, na majirani wa Pumwani wakamcheka kisimani.

Jumatatu jiwe lililia mara mbili. Jumanne chai ilikuwa na ladha ya baruti. Jumatano Koki alilibeba mpaka jalalani, akarudi, akalikuta mlangoni, limetapakaa udongo mwekundu ambao Ziwani nzima haupo. Na Alhamisi, siku ambayo Mativo alisingizia ugonjwa akabaki nyumbani, jua likiwa utosini na watoto wakipiga kelele nje, chumba kilijaa harufu ya mawe yaliyoungua, sakafu ikapata joto chini ya nyayo, na kutoka ndani ya ukuta kukaanza kugongwa, taratibu, kama mtu anayejaribu mwamba kutafuta mahali palipo wazi, ngo, ngo, ngo, kutoka pembe ya mlango hadi nyuma ya kitanda, hadi chini ya kabati, hadi kwenye mkebe wa majani ya chai, na mkebe wenyewe ukaanza kutetemeka, kifuniko kikiruka kama cha sufuria inayochemka, na Koki, mgongo ukutani, akaona mumewe hashangai.

"Kuna nini humo?" alinong'ona. "Sema. Kuna nini humo, Mativo?"

Hakuwahi kumwita kwa jina lake. Akasema yote.

Bi Mumina, mganga wa Majengo, alikuja Ijumaa baada ya swala. Alichoma ubani, akaweka kiganja juu ya jiwe, akakiondoa upesi.

"Chini ya mwamba wenu kuna nini?"

"Udongo mwekundu," Mativo alijibu. "Kama tofali. Wazungu wa vipimo walisema mwamba ulikuja kama uji wa moto, toka upande wa Bonde la Ufa, kabla hakujawa na mtu. Ukaunguza udongo, ukapoa juu yake."

"Na majini waliumbwa kutokana na nini?"

Mativo alilitazama jiwe.

"Kwa moto. Jini huyu amelala humo mwambani tangu moto ulipopoa, mnampasua kila siku, na hakuwahi kumfuata mtu nyumbani. Sasa mmemlisha mtu. Hasira hii si yake. Ni ya mtu huyo, ameimeza."

"Mfukuze, mama," Koki alisihi. "Nina watoto."

"Nimfukuze aende wapi?" Bi Mumina alizima ubani kwa vidole, amekasirika. "Kwenye nyumba ambayo haikumkosea mtu? Fundi, unajua hicho kibati mahali pake."

Mativo alimwendea Waruguru Jumatatu alfajiri. Alizungumza akiwa amesimama, kwa sababu hakukaribishwa kiti. Waruguru alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamzaba kofi, akachukua shuka.

"Twende."

Machimboni, saa saba kasorobo, watu wakiwa wameshapanda wote, Mativo alitundika kibati namba arobaini na moja mbele ya wachimbaji wote.

"Ubao si mtupu," alisema. "Siwashi."

"Wazimu umekupata?" Gichuru alifoka. "Mabehewa yako pale!"

"Yangoje. Yaliwahi kumngoja nani?"

"Toa hicho!"

"Atoe mwenyewe. Yuko chini. Mimi nilimwashia, na wewe unajua."

Gichuru alinyoosha mkono, akakishika kibati. Nyama ya vidole vyake ililia kama ya kuchomwa, na papo hapo, kutoka ukingo mmoja wa shimo hadi mwingine, mwamba wote ukalia sauti moja, ndefu, ya juu, mpaka watu wakaziba masikio na mbwa wa machimbo akajificha chini ya trekta. Gichuru aliketi chini akiushikilia mkono wake. "Nilidhani nimemwona," alilia. "Wallahi nilidhani." Wanaume walichukua mitaimbo wakashuka.

Walichimba siku tatu. Walipofika kwenye udongo mwekundu walipata kiatu kimoja, kofia, na chini ya kofia kiasi kile cha Irungu kilichobaki. Kwa karibu wiki mbili, mashine ya kusaga mawe kuwa kokoto ilikuwa imelishwa kutoka rundo hilohilo.

Waruguru aliyafunika mabaki kwa shuka yake. Wakamwambia, kwa heshima, mama, sasa kitoe kibati, umpumzishe.

Aliutazama ubao. Kisha akatazama mabehewa, na reli iliyonyooka kuelekea mjini.

"Ametoka nusu," alisema. "Nusu mmeimwaga huko relini. Mkiirudisha yote, nitakitoa."

Akaondoka na kilichokuwa chake. Hakuna fundi aliyekubali kuwasha tena pale, na shimo likajaa maji ya mvua.

Nyumbani Ziwani jiwe la Koki limekuwa bubu, ukuta umetulia. Lakini wanaotembea kando ya reli kwenda kazini wanajua pa kuharakisha. Saa saba mchana, bila treni yoyote, kokoto huanza kulia chini ya mataruma ya reli, moja, halafu nyingine, kama zinaitana.