Pera Bila Chumvi

Zeba alikuwa na miaka saba, na kwa chumvi hakuwa na simile. Msimu wa mapera ukifika pale kwao nje ya Allahabad, alimfuata mama yake bustanini akidai chumvi nyeusi na pilipili mpaka machozi yamtoke. Kwa hiyo asubuhi ile ya ukungu, aliporudisha kipande alichokatiwa, Kudsia alidhani mwanawe anadeka.

"Sitaki chumvi, Mama."

"Wewe? Wewe unayelamba mpaka kisu?"

"Inanuka."

Mchana hakugusa wali wala dengu. Alimeza mapera manane matupu, bila kutafuna, na pumzi yake ikaanza kunuka mapera yaliyooza. Huko nje bati la kufukuzia kasuku likajigonga. Kamba ya kulivutia ilikuwa imelala chini, haijashikwa na mtu, na upepo haukuwepo.

Kudsia akamgeukia mumewe. "Mukarram, mtoto ulimpa pera la mti gani?"

"Kasuku wameharibu mazuri yote, mke wangu..."

"Nimekuuliza mti gani!"

"Ule wa ukutani," akanong'ona.

Mpera ule umeegemea ukuta wa makaburi, na tangu enzi za babu yake Mukarram hauchumwi. Matunda yake huachwa yaanguke yenyewe. Mukarram alilijua hilo kuliko sisi sote, lakini ubishi wa mtu yule, jamani!

Siku ya nne Zeba alikuwa mifupa mitupu. Baada ya sala ya alasiri akaja Hafizji, msomaji wa Kurani wa msikiti wetu, na kabla hajaketi akawaonya.

"Nikisoma, jini lililomwingia litasema. Litabembeleza, litalia. Asilijibu mtu, hata neno moja."

"Hata likinitukana?" Mukarram akajaribu kutania.

"Hasa likikutukana."

Akaanza kusoma, na bati nje likaanza kujigonga, polepole kwanza, kisha kwa kasi, na harufu ya mapera yaliyooza ikajaa chumba mpaka Mukarram akaziba pua kwa shali, na mtoto akafumbua macho akatazama dari, na kinywani mwake ikatoka sauti ya mwanamke mzee, ya upole, upole uliotisha kuliko ukelele wowote, ikisema: "Mti wangu mmeuchuma, sasa mnanitoa niende wapi? Huyu nimemzoea. Nikitoka, natoka naye."

Kudsia akamwona binti yake anakauka midomo, kifua hakipandi. Hapo hakukumbuka Hafizji wala onyo lake. Akainama mpaka mdomo ukagusa sikio la mtoto.

"Mwache mwanangu," akanong'ona. "Njoo kwangu."

Kwa kelele za bati, hakuna aliyemsikia. Mara bati likanyamaza.

"Mama," Zeba akalia, kwa sauti yake mwenyewe. "Nina njaa."

Mukarram akaanguka magotini akilia kwa sauti. Hafizji akajifuta jasho, akamshukuru Mungu. Kudsia akakata pera, akanyunyiza chumvi nyeusi, na mtoto akala, akalamba vidole, akalamba kisu. Furaha ya nyumba ile haielezeki.

Kisha Zeba akamnyooshea kipande. "Na wewe, Mama."

Harufu ya chumvi ikampanda Kudsia puani kama mzoga. Akatabasamu, ili mtoto asiogope.

"Kula tu, mwanangu," akasema, akipeleka mkono kwenye kapu la mapera. "Mimi langu nitakula hivi hivi."